Weka Mlangoni: Kutoka Kibokoni hadi Guangzhou, na Kurudi

Nilikwenda Uchina kulea uzazi. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu watu wa Mji wa Kale, Mombasa, waliponiona nafunga sanduku walikwisha kunipangia biashara ya simu, ya mapazia na ya viatu vya watoto. Sikuwa na biashara yoyote. Nasra, mwanangu wa pekee, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa huko Guangzhou, ambako mumewe Salim anafanya kazi ya kuwapakilia mizigo wafanyabiashara wa huku kwetu. Binti akizaa, mamake ndiye wa kumwangalia, kumpikia uji wa pilipili manga na kumlindia mtoto hadi arubaini itimie. Mimi ni mjane, nyumba naikaa peke yangu, udhuru sikuwa nao.

Kabla ya kuondoka nilipita kuomba radhi. Kwetu mtu hafungi safari ndefu bila kuombana radhi na jamaa na majirani, maana hujui nani utamkuta na nani hutamkuta. Nilizunguka mtaa wetu wa Kibokoni mzima, nyumba kwa nyumba, nikinywa chai hadi tumbo likajaa. Mlango mmoja niliuacha wa mwisho makusudi. Ulikuwa mlango wa Zuhura, dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa pili, Kuze.

Mimi na Dada Zuhura tulikuwa tumenuniana tangu harusi ya Nasra. Yeye ndiye mpishi wa sherehe za ukoo wetu. Hakuna pilau iliyopakuliwa harusini kwetu bila yeye kuionja chumvi. Ilipofika zamu ya Nasra, upande wa bwana harusi ulitaka wapishi wa hoteli, nami nikakubali, nikidhani nampunguzia dada kazi. Yeye aliona nimemvua nguo mbele za watu. Akanuna, nami nikanuna kwa kuwa amenuna. Tokea hapo tukawa tunasalimiana matangani tu, kwa ncha za vidole.

Siku ile alifungua mlango nusu. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, nasafiri. Akanijibu, "Radhi umepata. Nenda salama." Akasimama pale pale, mkono juu ya ubao wa mlango, nami nikasubiri neno moja tu ambalo kwetu hata mpita njia aliyekosea nyumba huambiwa. Hakuniambia karibu. Nikarudi Kibokoni nikilia ndani ya buibui, na nikajiapiza kwamba nikirudi sitaukanyaga mlango ule tena.

Asubuhi ya safari nilichukua tuktuk hadi stesheni ya Miritini. Tulipita Mwembe Tayari, mabasi ya bara yakinguruma na wachuuzi wakipandisha maji na njugu madirishani. Tukavuka Makupa, tukapita Kibarani, ambapo zamani tulikuwa tukiziba pua kwa jaa la taka na leo watu wanapanda miti. Dereva alikuwa Mgiriama mcheshi. Aliposikia naenda Uchina aliniomba nimletee baridi kidogo. Nikacheka, lakini moyo ulikuwa Kuze. Gari moshi likanifikisha Nairobi, ndege ikanichukua, nikabadilisha ndege nyingine Arabuni, na kila niliposinzia niliuona ule mkono wa dada juu ya ubao wa mlango.

Guangzhou, siku ya kwanza, sikuona mji. Niliona mjukuu. Nasra alikuwa amelala, uso umemchujuka, hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Wanakaa kwenye jengo refu, juu sana, mahali ambapo ukitazama chini watu wanakuwa punje za mtama. Nikavua buibui, nikafunga leso, nikaulizia soko liko wapi nikanunue kuku. Nasra akaniambia, Mama, hapa hatuendi sokoni, soko linakuja. Akabonyeza simu yake, na kabla sijamaliza kumkogesha mtoto kengele ya mlango ikalia.

Hapo ndipo nilipoona haya yangu ya kwanza. Nilifungua mlango nikamkuta kijana amevaa koti la manjano na kofia ngumu, mkononi ameshika mfuko wa kuku na mboga, jasho linamtiririka. Mimi ni mtu wa Mombasa. Mtu aliyepanda hadi mlangoni kwangu na chakula cha mzazi hawezi kuondoka hivi hivi. Nikaufungua mlango wazi, nikamwonyesha kiti, nikamwambia kwa Kiswahili, karibu mwanangu, karibu ndani. Akanitazama kama aliyesimamishwa na askari. Nikamwashiria angoje, nikakimbia jikoni kumtilia sharubati. Niliporudi alikuwa bado amesimama pale pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje, simu yake inalia mfululizo, naye hajui iwapo ni adabu kuipokea mbele ya mama mtu mzima.

Nasra akaita kutoka chumbani, sauti yake dhaifu. "Mama, mwache aende. Unamchelewesha, ana nyumba nyingine zinamngoja." Kijana akaipokea gilasi kwa mikono miwili, akainywa yote kwa pumzi moja akiwa wima, akainamisha kichwa, akakimbilia lifti. Mlango wa lifti ulikuwa umeshafunga. Akateremka kwa ngazi, ghorofa zote zile, nami nikisikia viatu vyake vikipiga mpaka vikapotea. Nikabaki na gilasi tupu mkononi, uso umenipata moto.

Jioni ile Nasra alinifundisha Kichina cha mlangoni. Alinifundisha kwa mdomo, mimi nikiwa namkunjia mtoto nepi, naye akinirudisha kila nikikosea. Alisema lugha yenyewe ni bahari, lakini mimi nahitaji kijito tu. Simu hulia kwanza. Unasema "wei, ni hao", kama sisi tunavyosema halo, hujambo. Yeye atatiririka maneno, wala huna haja ya kuyaelewa yote, maana swali lake ni lile lile kila siku: upo, au niuweke wapi mzigo? Kama upo ndani na huna nafasi: "fang menkou jiu xing", weka mlangoni, yatosha. Kama umeamua kumfuata: "wo mashang xialai", nashuka sasa hivi. Kama nyumba ni tupu: "wo jia mei ren", kwangu hamna mtu, na hapo unaongeza "fang kuaidi gui", weka kwenye kabati la vifurushi. Kabati hilo liko chini ya jengo, lina vijumba vingi vya chuma, na kila kijumba hufunguka kwa namba inayotumwa kwenye simu yako.

Neno la mwisho, alisema, usilisahau hata ukiwa na haraka vipi: "xinku le". Hiyo sauti ya mwanzo waitamka kwa ulimi wa mbele, karibu na sh yetu. Nikamuuliza maana yake. Akasema maana yake ni umetaabika, umesumbuka. Nikamwambia, hiyo si ndiyo pole kwa kazi? Nasra akafikiri kidogo, akatabasamu, akasema ndiyo, Mama, ndiyo hiyo hasa. Nikafurahi kama niliyekutana na jirani ugenini.

Nilimuuliza pia jambo lililokuwa likinikereketa. Nikamwambia, huyu mtu amebeba mzigo wako, amepanda hadi kwako, nawe unamwambia auweke chini aende zake, hata uso wako hajauona. Si dharau hiyo? Nasra akanijibu jibu ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo. "Mama, huku heshima ni kumwachia mtu aende. Ukimweka, umemuumiza. Ukimwambia aweke mlangoni, umemfungulia njia."

Wiki zilizofuata nikawa hodari. Nepi zilikuja, mchele ukaja, samaki akaja bado anatikisa mkia ndani ya mfuko wa maji. Kengele ikilia, mimi nishasema. Salim alikuwa akinitania kwamba wale vijana wa makoti wananisikia tangu wako kwenye lifti. Sauti yangu ilikuwa nzuri, yeye na Nasra waliniambia. Hata toni zao za kupanda na kushuka nilizishika, mimi niliyesomeshwa Kurani na Dada Zuhura kwa kupigwa vidole nikikosea irabu. Fang menkou jiu xing. Xiexie, yaani asante, xinku le. Mlango umefungwa, mimi nipo upande wa pili na mtoto begani, nasikia kifurushi kinagusa sakafu na miguu inaondoka.

Nami nikaanza kulipenda jambo hili. Hilo lazima niliseme. Kwetu hodi ni kazi: ukiisikia uache ulichonacho, ujitande, ushuke, umwambie mtu karibu hata kama wali unaungua, umuulize wa kwao mmoja mmoja, umtilie chai, na akitaka kuondoka umwambie mbona mapema. Guangzhou nilipumzika na hayo yote. Vitu vinaingia, watu hawaingii. Nilikuwa nikikaa dirishani nikifikiri, wenzetu hawa wameokoka na mengi. Mlangoni pao hakuna mtu wa kukununia.

Arubaini ilipotimia tulimnyoa mtoto, Nasra akawa anatembea mwenyewe, nami nikaaga. Siku ya kuondoka kijana mmoja wa koti la manjano alileta mfuko, nikamfungulia mlango ili nimuage kwa macho. Hakujua nimefanya jambo kubwa. Nikamwambia xinku le, akainamisha kichwa, akaenda.

Nairobi, mzigo wangu mmoja haukutokea. Lilikuwa boksi la zawadi, na ndani yake, katikati ya mablanketi ya watoto wa watu, kulikuwa na kitambaa cha buluu cha hariri nilichomnunulia Dada Zuhura bila kujua nitampaje. Waliniambia likifika litapakiwa kwenye basi hadi Mwembe Tayari, na kutoka hapo mtu wa pikipiki ataniletea nyumbani. Nikawaachia namba, nikapanda basi la usiku.

Mwembe Tayari tulifika asubuhi, jua limeshaanza kuwaka. Harufu ya kahawa, moshi wa mabasi na embe mbivu vilinipiga usoni nikajua nimefika. Kibokoni majirani walikuwa wamenifagilia kizingiti. Bi Rukia, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, ambaye hakuna linalopita uchochoroni asilione, alinikumbatia, akanipa chai, akanisimulia waliokufa na walioposwa. Akaniambia pia jambo ambalo sikulitilia maanani kwa uchovu: kwamba dada yangu alipita mara kadhaa kuuliza narudi lini. Nikamwambia inshallah, nikapanda juu, nikafunga mapazia, nikalala kama gogo.

Mchana, katikati ya usingizi, nilisikia hodi. Ilitoka mbali, kama chini ya kisima. Mwili wangu ulikuwa Kibokoni lakini kichwa kilikuwa bado ghorofani Guangzhou. Hodi ya pili. Mdomo ukajibu wenyewe, kwa ile sauti yangu nzuri. "Fang menkou jiu xing." Papo hapo nikazinduka kidogo, nikakumbuka niko kwetu, nikakumbuka boksi na mtu wa pikipiki. Nikajicheka. Nikasema kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili asikie vizuri.

"Weka hapo mlangoni tu. Waweza kwenda."

Hodi ya tatu haikuja. Nikasikia kitu kinawekwa chini taratibu, kwenye jiwe la kizingiti, na viatu vikaondoka. Nikageukia upande wa pili nikalala, na roho yangu imetulia kabisa.

Wakati wa alasiri niliteremka kuchukua boksi langu. Nilipofungua mlango paka watatu walitawanyika. Hapakuwa na boksi. Palikuwa na kawa ya kufunikia chakula, imepinduliwa, na sahani kubwa ya udongo, na juu yake mifupa ya changu na mabaki ya tui lililokauka pembeni. Samaki wa kupaka. Nikainama nikaiokota sahani ile, nikaigeuza. Chini yake palikuwa na alama ya msalaba mdogo uliopakwa kwa rangi nyekundu ya kucha.

Nyumba zote za kwetu hutia alama vyombo vyao ili visipotee shughulini. Wengine hukwaruza herufi, wengine hufunga uzi. Ile alama nyekundu naijua tangu nilipokuwa msichana, kwa kuwa rangi ya kucha ilikuwa yangu, na aliyeiazima kwangu akaipaka sahani zake zote alipoolewa ni Dada Zuhura.

Nilikaa kwenye kizingiti, sahani mapajani. Sauti ile iliyopiga hodi ndiyo iliyonifundisha alifu na bee, ndiyo iliyoniita ndani magharibi ilipoingia tulipokuwa watoto, nami sikuijua. Alikuwa amekuja. Kwa miguu yake, na jua lile, na sahani mikononi, baada ya miaka miwili ya kununiana. Alikuwa amekuja kusema yameisha, maana mtu hamletei ndugu samaki wa kupaka hivi hivi tu. Samaki huyo huanza kukaangiwa viungo asubuhi. Nami nilimwambia aweke chini aende. Na ubaya ulizidi, kwa sababu yeye aliniacha mlangoni nilipokwenda kumuaga. Hakuna mtu Mji wa Kale mzima ambaye asingesema nimelipiza.

Bi Rukia alikuwa barazani kwake, anachambua mchele. Hakuinua uso aliposema nami.

"Nduguyo kaja na sahani mkononi, wee wamwambia aweke tini?"

Nikamwambia sikujua ni yeye, nilikuwa usingizini, nilidhani ni mtu wa mzigo. Nikamweleza habari za Guangzhou, makoti ya manjano, heshima ya kumwachia mtu aende. Bi Rukia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alimwona kwa mato yake, alisimama pale akitazama dirisha langu juu, kitambo, kama mtu anayengoja mwenye nyumba ajirekebishe. Halafu akainama, na unajua magoti ya dadako, akaiweka tini sahani, akaifunika vizuri, akaenda zake. Nikamuuliza alisema nini. "Hakusema kitu," akanijibu. "Angesema ningekwambia."

Jioni ile nilimpigia simu dada, haikupokewa. Nikafikiri nitamtumia ujumbe. Nikafikiri boksi likija nimpe yule wa pikipiki kile kitambaa cha hariri ampelekee Kuze, na ujumbe mzuri juu yake. Nilikuwa nimeshaushika mlango niende kumuulizia yule wa pikipiki nilipouona uso wangu kwenye kioo cha ukumbini, nikaona haya mara ya pili kwa siku moja. Nilikuwa natafuta tena mtu wa kuniwekea kitu mlangoni kwa dada yangu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilifanya safari ndefu kuliko zote. Kutoka Kibokoni hadi Kuze ni uchochoro mmoja, kona, uchochoro wa pili. Nilivaa buibui, nikaishika ile sahani kwa mikono miwili. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, kwa hivyo niliijaza visheti nilivyovipika mwenyewe tangu alfajiri. Havikuwa vizuri. Mimi si mpishi, na sukari ilishika upande mmoja ikakataa mwingine. Nilivifunika kwa kawa yake ile ile iliyopinduliwa na paka, nimeisugua kwa ndimu.

Njiani watu walinisimamisha. Masalkheri, Bi Mwanaisha, habari za safari, habari za Uchina, mjukuu hajambo, mama yake hajambo? Nikawajibu wote, kila mmoja kwa zamu yake, sahani mikononi. Na kila mmoja, baada ya kumaliza kuniuliza, aliitazama ile sahani, akaniambia haya, nenda, usichelewe. Hakuna aliyeuliza naipeleka wapi. Niliona nimevuliwa buibui katikati ya njia.

Mlangoni pa Kuze nilipiga hodi. Dirisha la juu lilikuwa wazi, nikasikia kijiko kikigonga sufuria, nikajua yupo. Nikapiga ya pili. Kijiko kikanyamaza. Sheria ya hodi mwaijua: ni tatu, na usipojibiwa unageuka unakwenda zako bila kinyongo. Nikapiga ya tatu, na hapo nikajibiwa.

"Weka mlangoni."

Sikuamini masikio yangu, kisha nikaamini sana. Neno lile lile. Huko nyuma nimelisema mara nyingi mno, kwa watu ambao walifurahi kulisikia, na sikuwahi kujua lina uzito gani ukiwa upande wa nje. Nilitazama kizingiti chake cha jiwe, safi, kimepigwa deki. Paka wa Kuze walikuwa wameshaanza kusogea. Mikono ilitaka kutii. Nikaikataza, nikasimama.

Nilisimama mpaka kivuli cha nyumba ya ng'ambo kikanifikia miguuni. Mabega yalikuwa yananiuma. Watu wawili watatu walipita, wakanisalimu kwa sauti ya chini kama watu wanaopita msibani. Mwishowe uso wa dada ukatokeza dirishani, na kitambaa cha jikoni begani.

"Bado upo?"

"Nipo, Dada. Siiweki tini. Paka wataila."

"Yangu si waliila?"

"Waliila," nikasema. "Hata mfupa hawakunisazia."

Akanitazama. Sikuweza kumtazama, nikawa naitazama kawa. Akaniuliza yale maneno ya kwanza, kabla ya Kiswahili, yalikuwa nini. Nikamwambia ni Kichina. Akaniuliza maana yake. Nilitaka kutunga, Mungu anisamehe, nimwambie yalikuwa salamu. Lakini nilikuwa nimechoka na sahani ilikuwa nzito.

"Maana yake ni yale yale niliyokwambia baadaye, Dada."

"Kwa hivyo uliniambia mara mbili."

"Mara mbili."

Akataka kujua kama hao Wachina wanaoleta mizigo nilikuwa nikiwaambia hivyo kila siku, na wao hawakasiriki. Nikamweleza kwamba hawakasiriki, wana haraka, kwao ni hisani. Nikamwambia na kila nikimaliza kuwaambia huwapa pole kwa kazi. Kila mmoja, kila siku, sikumsahau hata yule aliyekosea nyumba.

"Mie hukunipa," akasema dada yangu.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Alisema kweli. Watu nisiowajua majina nimewapa pole kwa lugha yao, nikijisifu kwa toni zangu. Huyu aliyesimama jikoni tangu asubuhi akimtilia nazi samaki wangu, akapita juani na magoti yale, nilimwambia waweza kwenda. Nilijidanganya kwamba nimejifunza adabu ya watu wengine, kumbe nilichukua nusu yake, ile nusu iliyonipendeza, ya mlango uliofungwa. Vijana wale niliwafungulia njia kwa kuwa wana njia ya kwenda. Dada yangu hakuwa na nyumba nyingine ya kupeleka sahani ile. Ilikuwa yangu.

Nikainua uso. "Pole kwa kazi, Dada," nikamwambia. "Pole kwa samaki, na kwa jua, na kwa magoti yako. Na kwa harusi ya Nasra. Pole."

Kwetu ukipewa pole wajibu nishapoa. Hujibu hivyo hata mtu mwenye jipu linalomuuma. Nilisubiri neno hilo, nikalingoja kwa hamu kuliko nilivyowahi kungoja kitu. Dada Zuhura aliondoka dirishani. Nikasikia ngazi zikilia, moja moja, polepole, kisha komeo. Mlango ukafunguka, wote, mpaka ukagonga ukuta.

"Sijapoa," akasema. "Lakini karibu ndani. Mtu hasimamishwi mlangoni."

Akaipokea sahani, akaigeuza kidogo akaitazama alama yake, nami nikavua viatu nikaingia.